Karatasi Inayotoka Shuleni

Katika nyumba nyingi za miji yetu, karatasi inayotoka kwenye shule ya watoto wadogo haisomwi na mzazi ambaye imeandikwa kwa ajili yake. Mtoto wa miaka minne huileta ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko. Imeandikwa kwa Kifaransa. Mama yuko sokoni, au hakubahatika kujifunza lugha hiyo. Baba atarudi usiku. Anayeisoma mwishowe ni kaka au dada mkubwa. Ndiyo sababu ninalileta jambo hili kwenu kwanza, ingawa linaonekana kuwa la wazazi na walimu: habari za shule ndogo, hasa shule zinazofuata njia ya Maria Montessori, hupita mikononi mwenu kabla ya kumfikia yeyote.

Karatasi hiyo husema nini kwa kawaida? Husema kwamba minervali ya mwezi ilipwe kabla ya tarehe fulani. Husema kutakuwa na sikukuu, na kila mtoto alete kitu. Mwisho wa muhula hutaja aliyekuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sisemi kwamba shule ina kosa kudai haki yake. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya bure katika shule za umma, na tangu Septemba 2019 neno hilo limeanza kutekelezwa. Lakini shule ndogo isiyo ya serikali, inayopokea watoto wa miaka mitatu hadi sita, huishi kwa michango ya wazazi, na mwalimu wake naye ana watoto wa kulisha. Ila shule isiyozungumza na nyumba isipokuwa kuhusu fedha huwafundisha wazazi kwamba kazi yao ni kulipa tu. Nami nashikilia kwamba habari za shule ni sehemu ya malezi yenyewe, kama vile somo lilivyo, na kwamba ni lazima zitembee pande mbili.

Ili kuelewa hilo tuitazame shule ya kwanza kabisa ya namna hii. Ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, ndani ya jengo la kupanga la watu maskini. Shirika la majengo lililosimamiwa na mhandisi Edoardo Talamo lilikuwa limekarabati nyumba za mtaa huo, likakuta kwamba watoto wadogo, walioachwa peke yao mchana kutwa wazazi wakiwa kazini, walikuwa wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Likaona ni afadhali fedha za ukarabati zitumike kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja chini ya mlezi. Kazi ya kuwaongoza akapewa Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyezaliwa 1870. Nyumba hiyo ikaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Masharti yake yalibandikwa ukutani, na Montessori aliyaandika pia katika kitabu chake cha kwanza juu ya njia hii. Wazazi hawakutozwa kitu. Hata hivyo walidaiwa mengine: kumleta mtoto akiwa safi na kwa saa iliyowekwa, kumheshimu mlezi, na kushirikiana naye. Masharti yalikuwa makali, hata mtoto aliyeletwa mchafu aliweza kuondolewa. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo lililo kubwa kuliko ukali huo. Angalau mara moja kwa juma, mama aliweza kuzungumza na mlezi, amweleze maisha ya mtoto nyumbani, naye apokee shauri. Mlezi mwenyewe aliishi katika jengo lilelile, na akina mama waliweza kuingia saa yoyote na kutazama. Angalieni mpangilio huo: mama anatoa habari kwanza, kisha anapokea.

Na habari iliyobadilisha shule ile ilitoka nyumbani. Montessori hakuwa na nia ya kuwafundisha watoto wadogo namna ile kusoma na kuandika. Akina mama wachache, ambao wenyewe hawakujua kusoma, walimwendea wakamwomba awafundishe watoto wao. Akakubali kujaribu. Zikatengenezwa herufi za msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole huku akitamka sauti zake. Kabla ya Krismasi, watoto wawili wa miaka minne waliandika barua za heri na shukrani kwa mhandisi Talamo, kila mmoja kwa niaba ya wenzake. Ombi la akina mama wasiojua kusoma liliingia shuleni kwa mdomo, likatoka shuleni likiwa barua iliyoandikwa na watoto. Kama mlango ungekuwa wazi upande mmoja tu, huenda barua zile zisingeandikwa.

Sasa tuzungumzie wa kwanza na wa pili. Katika kitabu hichohicho Montessori anasimulia kwamba siku moja alimkuta mtoto mmoja amevishwa nishani ya fedha yenye umbo la msalaba kama tuzo, na mwingine ameketishwa kitini katikati ya chumba kama adhabu. Yule mwenye nishani alikuwa akipita huku na huku, akishughulika na kazi yake. Nishani ikaanguka. Aliyeadhibiwa akaiokota, akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akasema haimhusu, akamruhusu aivae yeye, akaendelea na kazi. Mtoto aliyekuwa anafanya kazi hakuona haja ya nishani. Aliyekaa bila kazi ndiye aliyefurahishwa nayo. Basi karatasi inayojaa majina ya washindi hutuambia habari za nishani, nasi tunabaki bila kujua habari za mtoto.

Je, habari za mtoto ni zipi? Ni kwamba juma hili amejifunza kufunga vifungo vya shati bila msaada. Ni kwamba amejenga mnara wa waridi, ule wenye miche kumi, kuanzia wa sentimeta kumi hadi wa sentimeta moja, akaona mwenyewe mche uliokosewa mahali pake, akauvunja mnara na kuanza upya. Ni kwamba amemimina maji kutoka jagi hadi kikombe, yakamwagika, akachukua kitambaa akayafuta. Asiyeelezwa maana ya mambo hayo huyadharau. Nimewasikia wazazi wakiuliza: je, tunalipa fedha ili mtoto akafundishwe kuosha vikombe, kazi anayoweza kuifanya hapa kwetu? Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu ambaye hakupewa habari. Akielezwa kwamba mkono unaomimina maji bila kuyamwaga ni mkono unaojiandaa kushika kalamu, na kwamba mtoto anayemaliza kazi yake mwenyewe anajifunza kutulia, basi kesho atamwachia mtoto kikombe na jagi nyumbani. Asipoelezwa, atamnyang'anya kikombe ili asikivunje, na kile shule ilichojenga asubuhi kitabomolewa jioni. Hapo hakuna aliye mbaya. Kilichokosekana ni sentensi tatu zilizoandikwa vizuri.

Ziandikwe kwa lugha gani? Katiba yetu inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Shule inayomwandikia mama wa Bukavu, wa Uvira au wa Lubumbashi kwa lugha asiyoisoma, kisha ikalalamika kwamba wazazi hawajali, inajidanganya. Iandike kwa Kiswahili, au iandike kwa lugha zote mbili. Na kwa asiyesoma lugha yoyote, mwalimu aseme neno mlangoni saa ya kumchukua mtoto. Watu wetu hawajawahi kudharau neno lililosemwa uso kwa uso.

Kuna habari nyingine ambazo hazifai kutembea kabisa. Siku hizi karatasi imepata ndugu, ambaye ni kundi la wazazi katika simu. Humo hutumwa orodha ya waliochelewa kulipa, na picha za watoto wakila, wakilia au wakiwa wamevaa nusu nguo wakinawa. Katika shule yenye watoto ishirini na watano hakuna siri: kila mmoja anamjua mama wa kila mmoja. Jina likiandikwa katika orodha ya madeni, aibu haimpati baba peke yake. Kesho asubuhi inamngoja mtoto mlangoni, naye hajui amekosa nini. Deni lizungumzwe na mwenye deni, faraghani. Picha ya mtoto isitumwe bila ruhusa ya wazazi wake.

Na upande wa pili je, nyumba inaambia shule nini? Mara nyingi haisemi kitu. Bibi aliyemlea mtoto amefariki. Baba amekwenda kutafuta kazi machimboni. Familia imekimbia vita, sasa watu kumi na wawili wanalala vyumba viwili. Mtoto mchanga amezaliwa, na yule aliyekuwa wa mwisho hashikwi tena mkono. Mwalimu hajui lolote kati ya hayo. Anaona tu mtoto anayepiga wenzake, au anayelala juu ya mkeka wakati wenzake wanafanya kazi, na anaandika kwamba ni mkaidi au mvivu. Katika mikoa yetu ya mashariki, ambako watoto wengi wamehamishwa na vita, ukimya huo ni mzigo mzito mno kwa bega la mtoto wa miaka mitano. Neno moja kutoka nyumbani lingemsaidia mwalimu kumtazama kwa jicho jingine.

Nitaambiwa kwamba walimu hawana wakati. Ni kweli kwamba wanafanya kazi nyingi kwa malipo madogo. Lakini tuhesabu: shule yenye watoto ishirini na watano, kwa siku tano za juma, ni watoto watano kwa siku. Mwalimu anahitaji kuandika au kusema jambo moja la kweli juu ya kila mmoja wao, kisha kumuuliza mzazi swali moja. Hiyo haihitaji mashine wala ofisi. Inahitaji mwalimu aliyemtazama mtoto, na hilo ndilo hasa njia ya Montessori inamdai: atazame kwanza, kisha aseme.

Vijana wapenzi, yale yaliyo chini ya uwezo wa walimu tumeyataja. Yaliyo chini ya uwezo wenu ni haya. Karatasi ikifika nyumbani, isomeni yote, wala msimtajie mama sehemu ya fedha peke yake. Mfasirieni kwa uaminifu, bila kuongeza na bila kuficha, hata pale mtoto anapoonywa. Mkiona neno msilolielewa, mwulizeni mwalimu. Kufasiri kwa kubahatisha ni hatari. Kisha mwulizeni mama: turudishe jibu gani? Andikeni jibu hilo, hata likiwa mistari miwili nyuma ya karatasi ileile, mlitie katika mfuko wa mtoto. Ninyi mnaowasindikiza wadogo zenu asubuhi, msiwaache mlangoni mkikimbilia masomo yenu; mwambieni mwalimu kama mtoto hakulala usiku au hakula. Na simu zenu zisiwe njia ya kusambaza aibu ya jirani.

Mnaweza pia kufanya jambo moja kama kikundi. Katika kila mtaa wapo wazazi wasio na kijana wa kuwasomea. Siku moja kwa juma, wawili kati yenu wakae saa moja kwenye uwanja wa shule, baada ya kukubaliana na mkuu wake, ili kumsomea na kumwandikia yeyote atakayehitaji. Haitagharimu zaidi ya kalamu na uvumilivu. Mama atakayeondoka hapo akijua kwamba mwanawe amefunga vifungo vyake mwenyewe atakuwa amepokea habari iliyo yake tangu mwanzo.