Semina Haizai Kiongozi

Kuna imani imeota mizizi nchini kiasi kwamba hata anayeilipia haihoji: kijana wa kujitolea hawezi kupanga wala kuongoza mpaka kwanza apelekwe semina. Maofisa wanaiamini, mashirika yanaiamini, na vijana wenyewe wameshaimeza. Kaa na wanakikundi wa kata yoyote ya Manispaa ya Tabora, Itetemia ikiwamo, uwaulize wamekwama wapi. Haitapita muda utasikia: "Hatujapewa mafunzo."

Semina yenyewe tunaijua. Ukumbi, maji ya chupa, daftari jipya, makaratasi makubwa ukutani. Mgeni rasmi kachelewa, kwa hiyo somo la kutunza muda linasogezwa mpaka baada ya chakula. Mwezeshaji anauliza sifa za kiongozi bora. Vijana wanazitaja kwa zamu, mwaminifu, mbunifu, msikivu, naye anaziandika kwa wino mwekundu. Wanagawanywa makundi, kila kundi linachora mti wa matatizo. Saa kumi fomu za posho zinasainiwa, picha ya pamoja inapigwa, watu wanatawanyika. Kikundi kinabaki vilevile, ila faili limeongezewa cheti.

Kisha unakuja mradi wa kupanda miti, na miche inashushwa Julai kwa kuwa Julai ndipo mkubwa ana nafasi ya kuja kuzindua. Tabora mvua huanza Novemba, ikikawia Desemba. Kijana aliyekulia Itetemia hahitaji mtaalamu wa kumwambia mche wa Julai unataka ndoo ya maji kila jioni kwa miezi minne, na ndoo hiyo ina mtu wa kuibeba. Ila hakuna aliyemuuliza. Siku mbili kafundishwa kupanga, na ilipofika siku ya kupanga kweli, mipango ilikuwa imeshafungwa ofisini.

Kinachonikera ni kwamba imani hii inahubiriwa hata Tabora. Hapa ndipo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipofikia Unyanyembe, nchi ya watemi waliokuwa na ikulu yao Itetemia, kabla ya njia hiyo kugawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini. Mnyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa safari ya miezi. Misafara ya wenyeji ilipangwa iende kiangazi ili watu warudi kulima mvua zikikaribia. Mbele alitembea kirangozi na bendera yake. Huyo alijua maji ya Mgunda Mkali, lile pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, yako wapi. Alijua chakula kinunuliwe wapi kabla ya kuliingia, na kambi ipigwe jua likiwa wapi. Aliyajua kwa sababu aliwahi kupita. Watoto walianza na vijipembe vidogo vya ndovu mabegani, nyuma ya baba na wajomba zao, na kila safari mzigo ukaongezeka.

Siipambi njia hiyo. Ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi mifupa yao ilibaki porini. Ninachosema ni kwamba watu waliohamisha bidhaa za nusu ya bara kwa miguu walikuwa na namna yao ya kukuza viongozi, na namna hiyo ilianzia kwenye mzigo.

Kwihara, jirani na Itetemia, ipo tembe aliyokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Watalii huonyeshwa chumba chake. Mimi nadhani habari kubwa zaidi ya mahali pale ni ya Oktoba 1873, alipopitishwa akiwa maiti. Alikuwa amefia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Hakuna bosi aliyebaki kutoa amri. Wasaidizi wake wakakaa kikao, wakawaweka mbele Abdulla Susi na James Chuma, ambaye bado alikuwa kijana. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, Jacob Wainwright akaandika orodha ya vitu vya marehemu kimoja kimoja, msafara ukaondoka. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza akawashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na mwili, na baadhi ya vitu vyake.

Najua nitakachojibiwa: Chuma na Wainwright walisomeshwa na wamisionari India. Ni kweli, na ndiyo maana orodha iliandikika. Darasa lina kazi yake. Kutunza daftari la mapato hufundishwa, tena vizuri. Lakini kumkatalia Luteni hakukutoka darasani. Kulitoka kwenye miaka ya kutembea, kuugua, kugawa chakula kisichotosha, na kuamua pasipo wa kuulizwa.

Tazama sasa tunavyofanya sisi. Sheria tangu 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo vijana wana 4. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, malalamiko ya fedha kutorejeshwa yakiwa yamezidi, ikairudisha 2024. Dawa iliyopendwa kila mahali ikawa mafunzo zaidi. Kikundi ambacho hakijawahi kushika hata laki tatu kinaketi siku mbili, kinatoka na mamilioni na katiba iliyonakiliwa kwa kikundi jirani, jina tu likabadilishwa.

Anzeni na hiyo laki tatu. Kipeni kikundi cha Itetemia kazi moja yenye tarehe: miche iwe ardhini wiki ya mvua za kwanza. Wao watafute mbegu, wapange zamu, wabishane bei ya viroba, na mweka hazina asome hesabu mbele ya mkutano wa mtaa, pale mama zao wanapoketi. Wakikwama, mtu mzima aliyewahi kuendesha ushirika wa tumbaku (AMCOS) au mizinga ya nyuki aende kwao shambani. Mwaka wa pili waongezewe mzigo.

Kuna atakayesema fedha zitaliwa. Huenda. Basi na tuweke mezani bajeti ya semina ya siku mbili: ukumbi, chakula, mwezeshaji, mafuta ya gari, posho ya mgeni rasmi na ya dereva wake. Hiyo nayo huliwa yote, tena kwa saini na muhuri, na hakuna kijana anayewahi kuulizwa ilikwenda wapi.