Huyo Unayemla Si Ngege

Kaa kwa kibanda chochote pale Kisian, barabara ya Bondo inapoachana na ya Busia, uitishe ngege. Utaletewa samaki mzima, mkia umepita sahani, ugali pembeni. Utapiga picha uandike kwamba umekula ladha ya nyumbani. Pole, msomaji. Huyo si ngege.

Huyo ni nyamami, na si mwenyeji wa ziwa hili. Alimwagwa humu miaka ya 1950. Ngege wenyewe walikuwa samaki wengine, na mwenzao mbiru, na wote wawili asili yao ni bonde la Ziwa Victoria na jirani yake Kyoga tu. Nyamami akawapiku kwa chakula na mahali pa kutaga, akazaa nao mpaka damu ikachanganyika, kisha akarithi jina. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa mpaka jina la mwenye nyumba.

Nilimuuliza mama anayeniuzia samaki, "Mama, ngege wa kweli ulimwona lini mara ya mwisho?" Akacheka. "Nyathina, nunua samaki. Huyo unayemuuliza alimalizwa na nyanya yako."

Nyanya yangu anasingiziwa. Ni kweli nyavu za kisasa kutoka Ulaya, zilizoingia karibu mwaka 1905, ziliwavua ngege kupita kiasi. Ndiyo maana serikali ya mkoloni ilimtuma Mwingereza Michael Graham alichunguze ziwa mwaka 1927 na 1928. Graham ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi, esculentus, yaani anayefaa kuliwa. Na huyo huyo akaonya kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake ni hatari kubwa, labda utafiti wa kina utangulie. Onyo likawekwa kabatini. Miaka ya 1950, upande wa Uganda, mbuta akatiwa ziwani.

Matokeo unayajua hata kama hukuwahi kufundishwa. Humu mlikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wakianikwa juani. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amewafagia, na inakadiriwa aina kama 200 zimepotea kabisa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii hainishindi.

Najua jibu lako: mbuta ametusomesha, mbuta amejenga nyumba. Sawa, pesa ziliingia, sikatai. Lakini nenda Obunga, hapo hapo Kisumu, uone akina mama wakikaanga mgongo wazi, mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa viwandani na kupelekwa Ulaya. Watu wa ziwa wananunua mifupa ya samaki wa ziwa. Hayo ndiyo maendeleo tunayoambiwa tushukuru?

Sasa tumeambiwa dawa ni vizimba. Teremka kutoka Kisian hadi ufuo wa Ogal uvione vikielea. Ndani kuna nani? Nyamami. Wakitoroka, na hutoroka wavu ukichanika, wanaongeza jeshi nje. Halafu Novemba 2022 samaki wa vizimba eneo hili wakafa kwa wingi, maji yakiwa yameishiwa oksijeni. Lawama kubwa ni ya maji taka na mbolea, ambazo hulisha mwani. Lakini kumbuka kati ya wale fulu walikuwamo waliokula mwani na uchafu wa chini ya ziwa. Tulimwachia mbuta awale wafagiaji, kisha mfugaji akaamka asubuhi akakuta mtaji wake unaelea tumbo juu.

Ngege wa kweli hawajaisha. Wako Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Maji ya kinamasi yana oksijeni kidogo, mbuta hayawezi. Ila nyamami ameshafika huko pia, na kinamasi chenyewe kila mwaka kina mtu anayekitaka kwa shamba.

Kwa hiyo, wenzangu wa mjini mnaopenda kuandika kuhusu mizizi, hii hapa kazi. Zidai kaunti zetu zilinde Kanyaboli na mafunjo yake, mtu asimwage nyamami humo. Dai vituo vinavyozalisha vifaranga vya samaki kwa pesa ya umma vizalishe na ngege wa Kanyaboli. Na siku nyingine mkubwa fulani akija na samaki mpya wa kutuokoa, mwulizeni kwanza utafiti uko wapi. Graham aliliuliza swali hilo karibu miaka 100 iliyopita.

Mimi nitaendelea kula kwa yule mama, njaa haina siasa. Ila nikiitisha, naitisha nyamami. Bado ananicheka.