Nani anachoma kalori?

Programu za simu zinazohesabu hatua zimefika Likasi, na pamoja nazo msemo "kuchoma kalori". Msemo huu ni Kifaransa na Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili. Sisi wa kitivo cha lugha, ambao kesho tutaombwa kutafsiri programu hizo, tusiupokee bila kuuhoji.

Tuanze na hesabu. Anayetembea kilomita 5 kwa saa kwenye njia tambarare hutumia takriban kilokalori 3.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 atatumia 210 kwa saa. Lakini hata angekaa kitini, mwili wake ungetumia kama 60 kwa kupumua na kuendesha moyo. Gharama ya safari yenyewe, basi, ni 150: sawa na gramu 40 hivi za unga wa mahindi.

Hapo ndipo kitenzi kinapoleta shida. Katika Kiswahili mtu huchoma anachotaka kuchoma: nyama, matofali, makala, takataka. Chakula kikishika moto bila kutakiwa, tunasema kimeungua. Kwa hiyo "umechoma kalori 150" ni pongezi. Inamfaa aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito. Lakini mama anayetoka Kikula kwenda sokoni kwa miguu, ili pesa ya teksi inunue unga, anapongezwa kwa lipi? Kwake zile 150 ni deni, na litalipwa kwa bukari ya jioni, kama ipo.

Lugha yetu ina njia nyingine. Chakula huleta nguvu, kazi humaliza nguvu. Tukiandika "nguvu uliyotumia", kila msomaji ataamua mwenyewe kama ni faida au hasara. Mji huu ulipoitwa Jadotville, jina lililodumu hadi 1966, Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho, chakula cha kupimwa. Neno hilo linatukumbusha kwamba nguvu ya mtu huhesabiwa kuanzia kwenye sahani, kabla ya hatua ya kwanza.

Kuna pia swali linalokosekana. Programu huuliza uzito, umbali na mwendo. Kwa kawaida haiulizi umebeba nini. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya: Waluo waliojitwika mzigo kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea gharama yoyote. Ulipozidi hapo, gharama ilipanda. Kwa mwenye kilo 60 mpaka huo ni kilo 12, na gunia la makala hupita hapo kwa urahisi. Kiswahili kinatofautisha kubeba, kujitwika na kukokota. Programu inaona kutembea tu.

Wengine watasema "kuchoma" kumeshazoeleka. Kubaki kwa wanaotaka kupungua. Ila mtafsiri wa programu ya afya anaandikia mji mzima, pamoja na wanaokula mara moja kwa siku. Kwa hiyo napendekeza mambo mawili: tuandike "nguvu uliyotumia", na tuwadai watengenezaji waongeze swali moja, "Umebeba nini?" Kazi hiyo ni yetu, kwa sababu mhandisi hawezi kusikia kasoro ya kitenzi asichokijua.