Mzazi wa Ugenini Hana Arobaini

Dada yetu akijifungua Uingereza kisha akabadilika, halali hata mtoto akilala, chakula hakimshuki, simu hapokei, makundi ya WhatsApp hayakosi wa kumwamulia. Kauli nne ndizo zinazorudiwa mno. Tuzichambue moja moja.

"Huo ugonjwa wa Wazungu. Bibi zetu walizaa kumi na hawakuugua."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea wanakaribia asilimia 20. Kwa hiyo ugonjwa uko kwetu zaidi. Bibi zetu nao waliugua, ila walioumwa waliitwa wenye mashetani, au wavivu. Na bibi alikaa arobaini: anakandwa maji ya moto, analetewa uji wa pilipili manga, mtoto anapita mkono huu kwenda mkono ule. Dada wa Leicester, siku ya nne tu, anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mtoto kifuani, mfuko wa sokoni mkononi, na mume yuko zamu ya usiku. Unamlinganisha vipi na bibi?

"Matibabu yapo na wakalimani wapo. Asiyekwenda hataki mwenyewe."

Kwa miongozo ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, mkalimani ni bure, na ndugu hawatakiwi kutafsiri. Hata hivyo mume ndiye anayejikuta akitafsiri. Dodoso la Edinburgh la kupimia sonona baada ya kujifungua, lililochapishwa 1987, lina maswali 10, na la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Mume akifika hapo humeza mate. "Anauliza kama unachoka," anamwambia mkewe. "Kidogo," mke anajibu. Mume anamgeukia muuguzi: hapana. Hata mkalimani halisi akiwepo, mama wa kwetu anaweza asitaje huzuni kabisa. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, mwili umekufa ganzi. Asipoulizwa zaidi, anarudi nyumbani na panadoli.

"Ukikanyaga kliniki utadaiwa, na Uhamiaji watakujua."

Hapa pana nusu ya ukweli. Huko England, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji makaratasi ya ukaazi, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Mkimbizi na anayesubiri uamuzi wa hifadhi hawalipi hata hospitali. Asiye na makaratasi anaweza kutozwa gharama za uzazi hospitalini, asilimia 150 ya bei, na deni la kuanzia pauni 500 likikaa miezi miwili bila kulipwa laweza kufikishwa kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria hiyo inatisha, na inafaa kulaumiwa. Lakini mlango wa daktari wa mtaa haukufungwa, na sonona huanza kutibiwa hapo.

"Ukisema unalia, watakunyang'anya mtoto."

Chini ya Sheria ya Watoto ya 1989, kabla ya kuamuru mtoto achukuliwe, mahakama lazima ithibitishiwe kuwa anapata madhara makubwa au yumo hatarini kuyapata. Kulia si ushahidi wa hilo. Aliyezidiwa ana wodi za mama na mtoto, ambako hulazwa pamoja ili wasitengane. Anayehofia dawa kwa sababu ananyonyesha aulizie sertraline: kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Hatari kubwa ni kunyamaza. Uingereza, kujiua ndiko kunakoongoza kati ya vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kuanzia wiki ya 6 hadi mwaka mmoja.

Basi tufanyeje? Vijijini Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona, wakamtembelea nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado wanaugua ni asilimia 23. Kwa waliotembelewa na wahudumu wasiopata mafunzo hayo, ni 53. Maana yake mikono ya arobaini inahitajika, na maarifa nayo yanahitajika.

Machozi ya siku za mwanzo hukauka ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, msaidie kupiga simu kwa daktari, na omba mkalimani wa Kiswahili wakati uleule wa kuomba miadi. Na kabla hujaandika "aombe tu Mungu" kwenye kundi, uliza anakaa ghorofa ya ngapi, umpandishie uji.