Wakisema Mvua, Anika Nguo?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa siku zijazo, jibu la mjini Dar es Salaam linajulikana: "Hao wakisema mvua, wewe anika nguo." Nimelisikia kwenye daladala, gengeni, hata msibani. Wanaolisema si wajinga, na wengi wao wana ushahidi wa macho yao. Ila mimi ni mtu wa kutazama mawingu, naweza kumaliza alasiri nzima kibarazani nikiangalia wingu moja likipanda, na siwezi kuiacha kauli hiyo ipite hivihivi.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Aprili 2021 tulitangaziwa kwamba Kimbunga Jobo kinaelekea pwani yetu. Tuliandaliwa kwa upepo mkali na mawimbi makubwa, kisha kimbunga hakikutua. Aliyeacha kwenda baharini siku hizo alipoteza riziki ya kweli, na hakuna aliyemfidia. Zaidi ya hayo, taarifa zenyewe huandikwa kwa maneno mapana. Mtu wa Mbagala akisoma "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Pwani, Dar es Salaam, Tanga na Morogoro", anabaki kujiuliza kama na yeye yumo. Lawama hizo nazikubali. Ninachokataa ni hitimisho linalofuata, kwamba utabiri ni kubahatisha tu.

Kwanza, Jobo alikuwepo. Hakuzuliwa na mtu. Kilikuwa kimbunga kamili kilichoonekana kwa setilaiti kikija kutoka kaskazini mwa Madagaska. Kimbunga huishi kwa mvuke wa bahari yenye joto. Kikiingiliwa na hewa kavu, au kikipigwa na pepo za juu zinazovuma tofauti na za chini, hudhoofika. Jobo alisambaratika akiwa bado baharini. Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra kwetu, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Hata hivyo nadra si kamwe: Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952.

Kisha akaja Hidaya, Mei 2024. Taarifa zilitolewa kabla, na tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia. Wengi wa Dar es Salaam hatukuona makubwa, na usemi ule ukarudi midomoni. Lakini huko Kilwa, eneo la Somanga, maji yalikata barabara kuu ya kwenda Lindi, na mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Kwa aliyekwama Somanga utabiri ulitimia. Kwa aliyekuwa Sinza ulionekana uongo. Taarifa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mahali pa kusimama.

Hapa ndipo lilipo kosa tunalolifanya karibu sote: tunapima utabiri wa mikoa minne kwa paa la nyumba yetu.

Kosa hilo huwa kubwa zaidi kwa mvua za radi. Wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na mara nyingi huzaliwa, hukua na kujimwaga ndani ya saa moja hivi. Ndiyo maana Tabata hulowa chapachapa na Kimara vumbi likaendelea kutimka. Mtaalamu anaweza kuona siku kadhaa kabla kwamba hewa itakuwa na unyevu mwingi, kwamba ardhi itapata joto na kwamba pepo zitakutana juu ya ukanda fulani. Hawezi kukuambia wingu litapasukia mtaa gani. Mwembe uliojaa maembe mabivu, usiku wa upepo, una hali hiyohiyo: unajua kabisa kwamba yatadondoka, hujui ni lipi wala litaangukia wapi, na bado humtandikii mtoto mkeka chini yake.

Pili, taarifa za TMA zina sehemu tusiyoisoma. Zina rangi na ngazi: njano kwa angalizo, rangi ya machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Pamoja na hizo hutajwa mambo mawili yaliyotengana, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari likitokea. Uwezekano ukiwa mdogo na athari ikiwa kubwa, taarifa hiyo bado ina maana. Tuseme kwa mfano uwezekano ni 3 kati ya 10. Ikitolewa mara 10 na mvua ikanyesha mara 3, mtabiri amepatia mara zote 10, japokuwa mtaani watahesabu kwamba kakosea mara 7. Kumbukumbu yetu nayo si hakimu mzuri: mwavuli uliobebwa bure unakumbukwa wiki nzima, wakati tahadhari iliyotuokoa na safari mbaya inasahaulika jioni ileile.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, mvua inaponyesha sipo maji yanapofika. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ndipo unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mtu wa Jangwani anaweza kuwa na anga jeupe juu yake na huku maji yake yananyesha Pugu. Desemba 3, 2023, mji wa Katesh ulifunikwa na tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang', ambako sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kutazama juu ya kichwa chako tu ni kutazama upande usio na habari.

Tuingie kwenye hesabu kidogo, kwa sababu neno "milimita" hudanganya sikio. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. TMA huhesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa bati la nyumba ya mita 10 kwa 10, hizo ni lita 5,000, sawa na madumu 250 ya lita 20, kutoka paa moja. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Zidisha mwenyewe kwa mapaa ya mtaa mzima, halafu uyaelekeze yote kwenye mtaro mmoja ulioziba kwa chupa za plastiki.

Wapo watakaosema wazee walijua mvua bila mitambo. Ni kweli walijua mengi, na sioni ugomvi hapo. Magharibi ya Kenya, huko Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi wamekaa na wataalamu wa hali ya hewa kulinganisha dalili zao na vipimo. Mzee anayesoma siafu, upepo na maua ya miti hachoki kusoma kwa sababu dalili moja ilimpita. Huongeza nyingine, akasubiri. Kwa nini mtaalamu wa TMA, anayerekebisha taarifa yake kila siku kadiri vipimo vipya vinavyoingia, aitwe kigeugeu?

Basi inapotoka taarifa ya siku tano, jirani, iulize maswali matatu: ni ukanda gani, uwezekano kiasi gani, na maji ya ukanda huo yanapita wapi. Swali la mwisho TMA haiwezi kukujibia. Unalijua wewe na mpangaji mwenzako aliyekaa bondeni miaka ishirini. Ukiwa Kigogo na jibu likawa Pugu, panga vitu juu mapema na watoto walale kwa shangazi yao wa mlimani. Huenda siku hiyo jua likawaka mchana kutwa, na nguo zako, kama uliwahi kuzianika, zitakuwa zimekauka vizuri kabisa maji yatakapobisha hodi usiku.