Usiwacheke Wenye Majaketi ya Ngozi

Huko Marekani wako waendesha pikipiki, wanaume kwa wanawake, ambao huvaa majaketi yao ya ngozi, wakaunguruma barabarani kwa msafara mmoja ili kuchangia afya ya watoto wachanga. Msafara huo huitwa Bikers for Babies, na fedha zake huenda kwa shirika la March of Dimes. Wapo wanaouliza: ya nini kuchoma petroli? Si wangetoa hizo fedha wakakaa majumbani?

Swali si baya. Lakini mara nyingi anayeliuliza amekaa nyumbani, na hajatoa kitu. Binadamu hufungua mfuko akiwaona wenzake wanafungua yao.

Shirika hilo la March of Dimes lilianzishwa mwaka 1938 na Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa amepooza miguu, ili kupambana na polio. Wananchi waliombwa wapeleke Ikulu senti kumi kumi tu. Sarafu zilimiminika kwa mamilioni, barua za serikali zikafukiwa humo. Mwaka 1955 chanjo ya Jonas Salk, iliyogharimiwa na fedha hizo, ikatangazwa kuwa inafaa. Miaka mitatu baadaye shirika likawageukia watoto wanaozaliwa na kasoro, na hatimaye njiti, yaani watoto wanaozaliwa kabla ya wakati.

Na njiti hawachagui nyumba. Agosti 1963 Rais Kennedy alipata mtoto, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mapafu yake hayakuweza kutanuka. Hakutimiza siku mbili. Baba alikuwa na madaktari, ndege na dola. Dawa hakuwa nayo, kwa kuwa haikuwapo. Mpaka mwaka 1980 ndipo Mjapani Tetsuro Fujiwara alipotangaza kuwatibu njiti kwa dawa ya kuyafungua mapafu. Utafiti wa namna hiyo hula fedha miaka mingi kabla haujaonyesha tunda.

Sasa nanyi, vijana wa bodaboda! Mwenzenu akifariki mnachangishana usiku huo huo, na kesho yake mnamsindikiza kwa honi mji mzima ukasimama. Basi desturi mnayo. Mbona tungoje maiti? Pangeni siku moja kwa ajili ya wodi ya njiti: kofia ngumu kichwani, mwendo wa taratibu, na hesabu ibandikwe kijiweni kila mtu aisome. Ila kabla ya kuchanga, mwulizeni kwanza muuguzi wa zamu amepungukiwa na nini. Pengine ni mtungi wa oksijeni. Pengine ni khanga tu, za kumfungia mtoto kifuani mwa mamaye apate joto.