SINDANO ILIYOVUNJIKA SI DENI LA MFANYA KAZI



Nguo ya mtoto mchanga ni ndogo, lakini kazi yake si ndogo. Cherehani kubwa ya kutarizi yaweza kupiga sindano mara 600 hadi 1,000 kwa dakika moja. Fulana ya mtoto huvutika, kwa hiyo lazima ibanwe sawasawa katika fremu na kuwekewa kitambaa cha kuishikilia kwa nyuma. Mwishowe nyuzi zinazoning'inia ndani hukatwa, maana uzi uliolegea waweza kuzunguka kidole cha mtoto ukazuia damu. Anayefanya hayo ni fundi.

Sasa mafundi hawa wametuletea malalamiko. Katika karakana moja, kila sindano inayovunjika hukatwa bei yake katika mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hiki chajazwa kutoka mifukoni mwetu.

Sindano huvunjika kwa sababu imechoka, au nyuzi za ua zimerundikana mahali pamoja, au mashine haikutengenezwa kwa wakati. Katika hayo, ni lipi ambalo fundi amelifanya kwa kusudi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanya kazi kwa kusudi. Sindano iliyovunjika kazini haimo humo.

Tena jambo hili si la senti peke yake. Mtu akijua kwamba atatozwa, ataokota kipande anachokiona, atatia sindano aliyoinunua mwenyewe, naye atanyamaza. Ncha iliyobaki ndani ya ua itakwenda kwa mtoto asiyeweza kusema kinachomchoma. Hivyo tajiri anayeokoa shilingi chache anahatarisha mtoto wa watu na jina la kiwanda chake.

Twataka mambo matatu. Kwanza, makato haya yakome, na fedha zilizokatwa zirudishwe. Pili, sindano ikivunjika mashine isimame, vipande vyote vikusanywe na kubandikwa katika daftari, na fundi apewe sindano mpya bure. Kipande kikikosekana, nguo hiyo iwekwe kando, isiuzwe. Tatu, muda unaopotea katika kutafuta usihesabiwe juu ya fundi anayelipwa kwa idadi ya nguo.

Nasi tuna wajibu wetu. Fundi asifiche sindano iliyovunjika, hata kama nyapara amekasirika. Atunze karatasi yake ya mshahara, na kila kato alipeleke kwa mjumbe wa chama kazini, ili tukienda mbele ya Afisa wa Kazi tuwe na ushahidi mkononi. Mmoja akilalamika peke yake huitwa mkorofi. Tukisimama sote, tajiri atakaa mezani.

Wengi wetu ni wazazi. Vinguo hivi twavitarizi kwa watoto wa wenzetu. Tusikubali woga wa kutozwa ushonwe ndani yake.